Umeme Ulipokatika Nikiwa Angani na Mke Wangu

Bibi yangu mzaa mama aliniposa siku niliyozaliwa. Nyumbani kwetu Mgeta wanasimulia kwamba alinipokea kwa mkunga, akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kabichi, akasema, "Huyu ni mume wangu. Pua mbaya, lakini nitamvumilia." Tangu siku hiyo mimi nikawa mume wake na yeye akawa mke wangu. Babu alikuwa bado hai, kwa hiyo nilipopata akili nilimshitaki kwa ugoni, na kila nilipomkuta ameketi karibu na mke wangu jikoni nilimtoza faini. Alinilipa ndizi mbivu, huku akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana huruma.

Asiyejua utani wetu akitusikia hushangaa. Kwetu mjukuu na bibi ni watani, na utani una sheria zake: mtani hakasirikiwi, na neno la mtani halipelekwi barazani. Mke wangu alizitumia sheria hizo kama leseni. Padri alipokuja kubariki nyumba, mke wangu alimwuliza kama kanisa linaweza kumwachisha na mume asiyejua kulima. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza aliponiuliza yule mama mzee aliyenileta shuleni ni nani, nilijibu kwamba ni mke wangu, nikachapwa kwa utovu wa adabu. Kesho yake mke wangu akateremka mlima kwenda kumwuliza mwalimu kwa nini anapiga waume za watu. Sikuwahi kumwita kwa jina lingine, hata siku nilipofunga ndoa kanisani na binti wa watu. Siku hiyo alikaa meza ya mbele amenuna, na hakukubali kucheza muziki mpaka alipoletewa soda ya pili.

Nilipokuwa rubani alisema alijua tangu zamani, kwa kuwa miguu yangu haikuwahi kufaa mlimani. Watu wakisikia rubani hufikiria suti, kofia na safari za Ulaya. Mimi narusha ndege ndogo ya injini moja, na mizigo yangu ni pampu za maji, matairi, dawa, na watalii wanaotapika. Nyumbani hakuna aliyewahi kuiona ndege hiyo. Mjomba wangu, ambaye ni mwana wa mke wangu na ndiye mwenye sauti katika ukoo wetu, aliamini kwa miaka mingi kwamba mimi ni utingo wa ndege, yule anayefunga milango.

Basi ikatokea kwamba mke wangu akapelekwa Dar es Salaam kuondolewa mtoto wa jicho. Operesheni ilikwenda vizuri, daktari akasema yuko huru kurudi kwake. Mjomba akapiga simu kusema mama yake apandishwe treni. Mke wangu akakataa.

"Treni kila mtu anapanda," alisema. "Mimi nina mume rubani na jicho jipya. Nataka kuuona ule mlima kutoka juu. Maisha yangu yote nimeutazama kutoka chini, nikiwa na mzigo kichwani."

Mjomba alisikia nyuma ya simu, akapandisha sauti. "Mama haendi angani! Likitokea la kutokea, mimi nitauambia nini ukoo?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilikuwa nimechoka kuitwa utingo. Nikamjibu, "Mjomba, njoo uwanja wa ndege wa Morogoro. Nitakushushia mama yako mzima, nikukabidhi mkononi." Nilisema kirahisi, kama mtu anayeahidi kuleta chumvi kutoka dukani. Nilikuwa na safari ya kupeleka vipuri vya pampu kwenye kambi moja karibu na Mikumi, Morogoro iko njiani, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa wazi. Bosi wangu akakubali. Kwa hiyo ahadi ikawa ahadi.

Asubuhi ya safari mke wangu alikuja amevaa gauni la kanisani, kanga mpya juu yake, na miwani nyeusi aliyopewa hospitali. Kwenye ndege ndogo kila abiria hupimwa uzito, na hapo tukagombana. "Unanipima kama gunia la viazi?" aliuliza, akipandisha sauti ili mafundi wasikie. Alipokubali kupanda mzani aliushika mkono wangu akaegemea ili asionekane mzito. Kikapu chake kilikuwa kizito kumzidi: nazi, dagaa, na dumu dogo la maji ya bahari ambayo jirani yake mmoja huko Mgeta alimwagiza kwa ajili ya kusugua miguu. Nikataka dumu libaki. Akaniambia kama dumu linabaki, na yeye anabaki, na mimi nitamweleza mwanawe. Dumu likaondoka nasi.

Nilimfunga mkanda, nikamvalisha hedifoni ili tusikilizane, nikamwambia azime simu. Akasema ameizima. Nikampa somo la mlango, akasema mlango ameuelewa, ila haelewi kwa nini mume wake ananuka mafuta ya taa.

Tuliporuka alishika rozari na hakusema neno mpaka mabati ya mji yalipoisha. Kisha ulimi ukarudi. Aliona Mto Ruvu akauliza nani ameutupa ovyo namna ile. Aliona watu barabarani akasikitika kwamba huku juu mtu hawezi kumsengenya mtu, maana nyuso hazionekani. Tulipopita Chalinze milima yetu ikaanza kujitokeza mbele upande wa kushoto, buluu, na mawingu yamekaa begani. Alivua miwani nyeusi.

"Ule ni nini?"

"Ndio Uluguru, mke wangu."

"Wote ule?"

"Wote."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimekuwa nikiupanda na kuushuka ule, na viazi kichwani. Mbona hamkuniambia?"

Nilikuwa bado nacheka taa nyekundu ilipowaka mbele yangu.

Ndege ina alteneta, kama ile ya lori, inayochaji betri injini ikizunguka. Taa ile husema alteneta haichaji tena. Geji yake nayo ilikuwa imelala upande wa kutoa, maana yake betri inaliwa na hailishwi. Si jambo la kutoa machozi. Nilifanya tulivyofundishwa: nikakagua fyuzi, nikaizima swichi ya alteneta na kuiwasha mara moja tu. Taa ikazimika. Nikajipongeza moyoni, nikaanza hata kupiga mluzi. Kisha taa ikawaka tena, na safari hii ikaja na harufu.

Ilikuwa harufu ya waya unaoungua. Mtu yeyote aliyewahi kusahau pasi kwenye umeme anaijua. Chini, ukisikia harufu hiyo unatoka nje, unaita majirani. Huko juu hakuna nje. Niliogopa. Sitaki kuizungusha: kitu cha kwanza nilichokiona akilini si moto, ni mjomba amesimama uwanjani na mikono mitupu.

"Bibi," nikasema, "umeme una hitilafu. Nitauzima wote sasa hivi. Hutanisikia tena kwenye hedifoni."

"Wamekata?" aliuliza. "Mpaka huku juu?"

"Hawajakata, Bibi. Nakata mimi."

"Basi na wewe ni wale wale. Mgao haukosi mtu."

Nilibonyeza redio nikawaambia waongozaji wa ndege kwamba nina hitilafu ya umeme na harufu ya kuungua, kwamba tuko watu wawili, kwamba nazima kila kitu na kuendelea kwa macho hadi Morogoro. Dada mmoja akajibu kwa utulivu kwamba amenisikia. Alianza kuniuliza jambo lingine, lakini harufu iliongezeka, nikazima swichi kuu.

Vioo vyote vya vipimo mbele yangu vikawa vyeusi. Masikioni kukawa kimya, halafu ngurumo ya injini ikaingia moja kwa moja maana hedifoni zilikuwa zimekufa. Nilifunga hewa ya moto inayotoka upande wa injini, nikafungua matundu ya upepo. Nikavua hedifoni, naye akavua zake. Alikuwa akiionyeshea kidole panga ya ndege iliyokuwa ikizunguka mbele yetu.

"Hiyo inazungukaje kama umeme hakuna?"

Hapa niwaeleze wasiokulia milimani. Mgeta nyumba ya jirani waweza kuiona usoni pako, lakini kuifika ni kushuka bonde lote na kupanda upande wa pili. Kwa hiyo watu hawaendi, wanaita. Mke wangu alikuwa na uwezo wa kuomba moto, kuusengenya ukoo mzima na kujibiwa, akiwa amesimama mlangoni kwake. Ngurumo ya injini haikumpa shida yoyote. Aliyepata shida ni mimi, niliyeharibiwa koo na mji.

"Injini ina cheche zake yenyewe!" nikapiga kelele. "Haitegemei betri! Ikiwa na mafuta inakwenda!"

"Basi ina akili kuliko friji ya mwanangu!"

Chini ya kiti changu kuna mtungi mdogo mwekundu wa kuzimia moto. Niliuchomoa nikamwekea mapajani. "Bibi, shika huu! Nikikuambia, vuta kipini hiki, elekeza pale chini ya dashibodi, ubonyeze! Umenielewa?"

Aliuangalia mtungi kwa makini. Akaugeuza huku na huku. Akauweka kwenye mkono wa kushoto, kichwa cha mtungi kikiwa kwenye kiwiko chake, akaufunika kwa pindo la kanga.

"Mtoto wetu huyu!" alisema. "Pua ndiyo ile ile yako!"

Nilitaka kulia kwa hasira. Nina waya unaoungua mahali nisipopaona, nina mama wa mjomba wangu, na mama wa mjomba wangu anabembeleza chuma. Alikipigapiga mgongoni, akakiimbia wimbo wa Kiluguru ambao hata mimi niliimbiwa, halafu akaniinamia sikioni. "Mwanao ana njaa. Ulimpa uji kabla hujatoka nyumbani, au ndiyo wanaume?"

Nikacheka. Sikutaka, ila kicheko kilinitoka kama kikohozi. Nilipocheka nikagundua kwamba nilikuwa nimeukamata usukani kwa nguvu za kumkaba mtu, na vidole vyangu vikalegea.

Harufu ilikuwa inapungua. Hiyo ilikuwa habari njema, na pia ilinifunga mikono: kama kuzima umeme ndiko kulikouzima huo mwanzo wa moto, basi umeme haurudi tena, hata kwa dakika ya kutua. Kurudi Dar sikutaka, maana huko kuna midege mikubwa inayopangwa kwa redio, na mimi ni bubu. Morogoro ilikuwa karibu na anga lake lilikuwa safi upande wa mji. Geji za mafuta zilikuwa zimekufa, lakini asubuhi nilipima matangi kwa kijiti kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo nilijua nina kiasi gani. Dira inaelea kwenye maji yake, haidai umeme. Na kwa kujua njia, mlima ulikuwepo pale kushoto, haujawahi kumpoteza mtu wa Mgeta.

"Bibi, uko sawa?" nilimwuliza.

"Mimi niko sawa! Mtoto ndiye amejikojolea!"

Tulipita juu ya mabati ya Kihonda, ukingoni mwa mji, nikauona uwanja. Ni uwanja mdogo, hauna mnara wala waongozaji. Una mlinzi mwenye redio ya mkononi, ambaye kazi yake kubwa ni kufukuza mbuzi ndege ikiita. Mimi nisingeweza kuita. Nikasema moyoni, mbuzi si neno, nitapita chini mara moja watakimbia. Tulipokaribia nikaona kwamba si mbuzi. Ni ukoo wangu.

Kwetu mzee akirudi kutoka safari ya mbali hangojewi mlangoni. Ni aibu. Watu hutoka wakamlaki njiani, wakampokea mzigo, wakaja naye wakiimba. Mjomba alikuwa amewapakia watu kwenye fuso la karoti lililokuwa linateremka kwenda Dar, mama wadogo, wajomba wadogo, na ngoma yao, na walipofika uwanjani wakaiangalia ile njia ndefu nyekundu, wakaona kwamba mama atakuja kwa njia hiyo, basi wakamlaki njiani. Walikuwa katikati kabisa ya njia ya kurukia, wamejipanga kwa rangi zote za kanga.

Rubani aliyepoteza redio hupita akitikisa mabawa, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kila mtu wa ndege duniani anaelewa kwamba huyu ni bubu, mpisheni. Nikapita juu yao nikitikisa mabawa kwa nguvu zote. Ukoo wangu ukaelewa kwamba tunawachezea. Ngoma ikapamba moto, na wote wakaanza kutikisa mabega, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa mpigo ule ule wa mabawa. Mlinzi masikini alikuwa pembeni anarusha mikono juu, nao wakamwona ni mchezaji mzuri.

Nikazunguka, nikapita tena, chini zaidi. Walicheza zaidi.

"Wanajua kucheza!" mke wangu akasema kwa fahari.

"Bibi, wakikaa pale siwezi kutua!"

Na ilikuwa kweli. Mabawa ya ndege ile yana vipande vya nyuma vinavyoteremshwa kupunguza mwendo wakati wa kutua, na vipande hivyo huteremshwa na mota ya umeme. Bila hivyo ningekuja kwa kasi na ningeuhitaji uwanja wote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na kila mzunguko niliouongeza ulikuwa mzunguko wa kukaa na ule waya, bila kujua umelala au umekufa. Simu yangu ilikuwa kwenye begi nyuma, chini ya kikapu cha nazi.

Mke wangu akaingiza mkono kifuani, anapoweka kila kitu cha thamani, akatoa simu yake ya kitochi. Ilikuwa inawaka.

"Si nilikuambia uizime!"

"Nilikudanganya!" Akabonyeza namba ya mwanawe.

Nilimwona mjomba chini anapeleka mkono sikioni. Mke wangu akamweleza kwamba ndege ina hitilafu, watoke njiani haraka. Mjomba hakusikia kitu zaidi ya ngurumo. Akainua simu juu ili na wengine waisikie sauti ya mama kutoka angani, na wote wakashangilia.

"Anasema karibuni," mke wangu akanipa taarifa.

Akaitazama simu. Akanitazama mimi, na nikauona uso wake ule wa siku za faini za babu. Akavuta pumzi, akaikumbatia simu kwa mikono miwili, akaachia ile sauti ya kuvuka mabonde.

"Nyuki! Nyukiii! Nyuki hao!"

Hakuna Mluguru anayesikia neno hilo akauliza wako wapi. Unakimbia, ndipo unauliza. Mjomba alilipokea neno sikioni akalipitisha kwa wenzake akiwa tayari amegeuka. Ngoma ilitupwa, ikabiringika yenyewe mpaka ukingoni. Mama zangu wadogo wakajifunika kanga vichwani wakakimbia bila kuona waendako. Mjomba, msemaji wa ukoo, alikwenda na koti kichwani, magoti juu, akapotelea kwenye mtaro. Hata mbuzi waliokuwa pembeni wakaondoka. Njia ikabaki tupu na kandambili moja.

Nilikuja chini, kutoka mbali, kwa kasi ambayo ningemkaripia mwanafunzi wa urubani kwayo. Ndege ilielea, ikakataa kushuka, ikaelea tena, kisha matairi yakagusa. Nikakanyaga breki kwa adabu, si kwa hofu, maana ukizikaba matairi yanateleza. Vumbi likatufunika. Tulisimama kidogo kabla ya mwisho wa uwanja, shamba la mahindi la mtu likitutazama.

Nilizima injini. "Toka, Bibi, toka haraka!" Akatoka haraka kuliko nilivyotegemea. Nilipozunguka upande wake kumshika mkono nilimkuta amesimama mbali na ndege kama nilivyomwelekeza, ameubeba mtungi mwekundu mgongoni, ameufunga kwa kanga, kichwa cha mtungi kimechungulia begani.

Ukoo ukarejea kwa tahadhari. Mjomba alikuwa wa mbele, majani kwenye nywele, kiatu kimoja mkononi.

"Mama! Nyuki wako wapi?"

"Wamebaki juu. Mpokee mjukuu wako kwanza." Akafungua kanga, akamkabidhi mtungi. Mjomba alikuwa mtu wa adabu. Kitu anachopewa na mama yake hukipokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Akaupokea hivyo hivyo mtungi wa kuzimia moto, mbele ya watu wote, na ndipo akauangalia.

Nilipofungua boneti ya injini kicheko kilikatika. Waya mnene wa alteneta ulikuwa mweusi, plastiki yake imeyeyuka na kudondoka juu ya bomba lililo jirani, na bomba hilo ni la mafuta. Mjomba aliusogelea akaunusa.

"Mjomba," alisema, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "mlikuwa mnaungua, na nyinyi mnatuchezea shere?"

"Nimekushushia mama yako mzima," nikamwambia.

Tangu hapo hakuniita utingo tena.

Fundi akaja kutoka Dar, vipuri vikaenda Mikumi kwa gari, nami nikapewa ruhusa ya kumsindikiza mke wangu mpaka Mgeta. Jioni ile nilikaa jikoni kwake, yeye akichambua majani ya maboga, na hasira zangu za karibu zikanirudia. Nikamwambia wazi kwamba alinikera. Kwamba mimi nilikuwa nazungumza naye jambo la kufa na kupona, na yeye ananiimbia chuma.

Hakuinua macho kwenye majani. "Kwani unafikiri sikujua?"

"Ulijua nini?"

"Wewe tangu uanze kusema hujawahi kuniita bibi. Umechapwa shuleni kwa ajili yangu, hukuniita bibi. Umeoa, hukuniita bibi. Leo kule juu umeniita bibi, bibi, bibi, kama mtoto aliyepotea mnadani. Nikasema, huyu amekiona kifo. Sasa na mimi nikikiona, nani atashika usukani?"

Nikakumbuka matanga ya kwetu, jinsi watani wanavyoingia wakati wafiwa wameshindwa hata kunywa maji, wakaiba sufuria, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka mjane acheke na machozi yakiwa usoni. Nimeona hayo tangu utotoni nikadhani ni mchezo.

"Niliogopa mpaka rozari ikakatika," mke wangu akaongeza. "Utaninunulia nyingine. Na niletee chumvi hapo nyuma yako."

Mtungi ule muda wake ulipokwisha tuliletewa mpya. Ule wa zamani nilimwomba bosi, nikakaa nao nyumbani, juu ya kabati.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanakatika, simu ya mjomba iliita mchana. Alisema mama anataka kusema nami, akamshikia simu. Nilisubiri matusi. Mke wangu alikuwa hajawahi kunipigia simu bila kuanza na matusi.

"Mjukuu wangu," alisema. "Uje."

Basi. Simu ikarudi kwa mjomba, naye akaanza kunieleza habari za zahanati na dawa, lakini sikumsikia. Nilikuwa nimeketi kitandani, na neno lile lilikuwa bado sikioni. Maisha yangu yote hakuwahi kunitamkia.

Nilipanda Mgeta siku hiyo hiyo. Mjomba alinipokea uani, amekonda. Akaniambia mama hajala, hataki kusemeshwa, amegeukia ukutani. Nikamwomba nafasi kidogo. Nikaenda nyuma ya banda la nguruwe nikalia, nikalia vya kutosha, mpaka mama mdogo mmoja alipokuja kunawisha mtoto akarudi alikotoka bila kusema kitu. Nikajifuta. Nikaenda kwenye gari nikachukua nilichokuja nacho, nikamwomba mama mdogo yule kanga, akanifungia mgongoni.

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya dawa. Mke wangu alikuwa amekuwa mdogo sana kitandani.

"Mke wangu," nikasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kuvuka mabonde, "hii ni tabia gani? Umelala mchana kutwa, na mtoto hajanyonya tangu jana!"

Kisha akageuka polepole, akafungua lile jicho jipya, akanitazama, akakitazama kichwa chekundu kilichochungulia begani mwangu. Akasogea kidogo kuelekea ukutani ili tupate nafasi.

"Mlete," alisema. "Na wewe kaoshe uso. Mwanaume gani analia kabla hajaachwa?"